Korongo Lililoitwa Barabara

Vijana wa ujenzi, siku mliyoniaga mlinipa jembe jipya lililofungwa kwa karatasi ya maua. Nashukuru. Mtu aliyeshika jembe la ofisi miaka ishirini na minne, kitu alichokuwa amekikosa maishani ni jembe. Halafu yule dada wa masjala akaniambia, "Baba Kulwa, tuandikie basi yale mambo ya korongo, sisi tunayasikia vipande vipande." Haya, nimekaa, nimeandika. Shule yangu ni darasa la tatu. La nne nililiona dirishani nikipita na ng'ombe. Mkikuta herufi imelala, iacheni ilale, imechoka kama mwenyewe.

Vyeo vyangu nikivitaja, ukurasa utabaki mweupe. Watu nitawataja kwa majina. Mtasema Baba Kulwa ana kinyongo. Ninacho, na nimekitunza vizuri kuliko ofisi yetu inavyotunza majalada.

Kabla ya kuja Shinyanga nilikuwa mchimbaji Nyarugusu. Tulikuwa wanne kwenye shimo moja. Asubuhi moja ardhi ilitushukia, tukatoka wawili. Dhahabu niliyotoka nayo ilikuwa udongo wa masikioni. Nikaapa sitashuka tena chini ya ardhi mpaka siku nitakayoshushwa na wengine. Nikapanda lori la pamba, nikashuka Shinyanga mjini, nikaenda kusimama kwenye uzio wa ofisi pamoja na wengine waliokuwa wanatafuta kibarua.

Nyapara alikuwa mzee mmoja mfupi, mweusi tii, anaitwa Luhende. Alipita mbele yetu kama anayechagua mbuzi. Akasimama kwangu.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, mzee."

"Unajua mchanga?"

"Mzee, mchanga nimeula."

"Beba sururu. Twende."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano. Siku hizi nasikia mnajaza fomu kurasa nne, na hamna anayewauliza habari ya mchanga.

Alinipeleka Kambarage, kwenye korongo la Mkwajuni. Ninyi mnalijua, lakini wakati ule nyumba zilikuwa chache, na mtu aliliona vizuri. Linashuka kutoka mashamba ya juu, linapita katikati ya makazi, linakwenda kujimwaga mbugani. Miezi minane ya mwaka ni mchanga mweupe tu, mkavu, mpana, mbuzi wamelala. Halafu zinakuja siku chache, huwezi kujua zipi, linakuwa mto wenye ghadhabu, na kesho yake mchanga mkavu tena kama vile halikufanya kitu.

Nikauliza, "Tunachimba nini hapa?"

"Hatuchimbi."

"Tunajenga?"

"Hatujengi. Tunaliacha. Na tunahakikisha wengine nao wanaliacha."

Nikacheka. Nikaona nimeangukia raha. Sikujua kuwa hakuna kazi ngumu duniani kama kumzuia mtu asifanye kitu mahali anapoona pako wazi. Mtu akiona pako wazi anaona kama ameibiwa.

Luhende alinifundisha mambo machache, nayo nawapa bure. Ukitaka kujua maji yalifika wapi mwaka jana, usiulize ofisini. Angalia miiba. Majani makavu na vitambaa vilivyonasa juu ya miiba, hiyo ndiyo barua ya maji, na maji hayaandiki uongo. Pili, vichaka vya ukingoni usivifyeke hata bwana mkubwa akija kutembelea, maana ndivyo vinavyoshika udongo. Tatu, kona ya korongo usiinyooshe. Korongo lina sababu zake za kupinda. Nne, ukiona mbuzi wanatoka korongoni wenyewe bila kufukuzwa, toka na wewe, maswali utauliza ukiwa juu. Na la tano, nyumba ikae hatua ishirini kutoka ukingoni. Chini ya hapo si kiwanja, ni mdomoni.

"Korongo ni fahali amelala," alikuwa akisema. "Watu wanamwona amelala, wanamtwisha mizigo. Siku akiamka wanasema hakubisha hodi."

Yeye mwenyewe alijenga nyumba yake pale kwenye kona, hatua ishirini kamili. Alizipima kwa miguu yake, na kwa kuwa alikuwa mfupi, mkewe Mama Mbuke akampimia upya kwa miguu yake, naye ni mwanamke mrefu. Wakachukua kipimo cha mke.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya Athumani, fundi baiskeli. Alijenga choo ukingoni kabisa, mlango unatazama korongoni, ati kwa sababu ya upepo. Nikamwambia, "Fundi, hapa maji yatakuja."

"Yakija nitasikia."

Alisikia. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa kumi na mbili. Alitoka suruali iko mkononi, anakimbia kuelekea sokoni, na choo chake kinamfuata kwa nyuma mpaka kwenye kona, kikaagana naye. Wiki nzima watu walikuwa wakimsalimia, "Fundi, umesikia?"

Luhende alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa homa tu, kitandani. Mara baada ya hapo halmashauri zikavunjwa nchi nzima, sisi wafanyakazi wa mji tukahamishiwa mkoani kwa barua. Korongo halikupewa barua, likabaki palepale. Mimi ndiye niliyebaki nalo. Kila Jumatatu nilikuwa nakwenda kwa Mama Mbuke, namwamkia Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nakunywa uji, kisha napima hatua kutoka ukutani kwake hadi ukingoni. Ishirini. Wiki nyingine, ishirini. Ilikuwa kazi nzuri.

Hapo ndipo akaja mkosaji wa kwanza, Bwana Fidelis Kibasa, afisa mipango.

Bwana Kibasa alikuja na ramani, viatu vyeupe na kofia ya jua. Kosa lake ni moja tu: alikuja mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa korongo letu ndiyo mahali pazuri kuliko pote Kambarage. Ni tambarare, limefagiliwa na upepo, hakuna shimo. Bwana Kibasa akasimama katikati, akatazama juu, akatazama chini, uso ukamng'aa kama mtu aliyeona bibi arusi.

"Nani alifungua barabara hii?"

"Si barabara, mkubwa. Ni mto."

"Mto? Maji yako wapi?"

"Yamekwenda likizo."

"Yanarudi lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, yasipochelewa."

Akanitazama kama anavyotazamwa mlevi wa asubuhi. "Wewe ni nani hapa?"

"Mlinzi wa korongo."

"Basi kuanzia leo ni mlinzi wa barabara," akasema, akachora. Nilimwona kwa macho yangu akichora mistari miwili kwa rula, kona yote akaipitisha kwa mstari mmoja kama anakata keki. Zikapigwa bikoni za zege za mipaka humo humo kwenye mchanga, na kwenye ramani barabara ikapewa upana, ikapewa namba. Ilipofika Desemba, bikoni tatu zilipatikana mbugani, nyingine hazijaonekana mpaka leo. Bwana Kibasa alikuwa Dodoma semina. Aliporudi kulikuwa kukavu. Mtu huyu kwa miaka kadhaa, naapa, hakuwahi kuona mvua Shinyanga. Mvua ikianza, anaitwa semina.

Mkosaji wa pili ni Nasoro Kitwana. Huyu alikuwa jirani yetu, mfanyabiashara, baba yake alitoka pwani na mama yake mtu wa Ujiji. Mtu wa utani, mkarimu, na tamaa yake unaweza kuiegemezea ukuta. Alikuwa na malori mawili ya kuchukua mizigo stesheni ya Isaka, na tipa moja. Aliposikia kuwa korongo ni barabara, akasema barabara ni ya watu wote, na mchanga ulioko barabarani ni uchafu, na yeye anasaidia usafi. Tipa ikashuka korongoni asubuhi na jioni, vibarua sita na masepetu. Mji ulikuwa unajengwa, kila mtu anataka mchanga.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo mtakalokutana nalo. Ukichimba mchanga wa katikati, ukingo unakosa wa kuuegemeza. Unashuka wenyewe kidogo kidogo kujaza pengo. Huhitaji hata mvua kubwa. Jumatatu moja nilipima kwa Mama Mbuke nikapata kumi na saba. Nikarudia, nikidhani nimerefusha miguu. Kumi na saba. Mwaka uliofuata kumi na nne. Mwaka uliofuata tena tisa.

Nilikwenda kwa Nasoro. Alikuwa amekaa barazani kwake na kahawa.

"Mzee Nasoro, nyumba ya Mama Mbuke inaanguka."

"Baba Kulwa, karibu kahawa. Nyumba ipi? Mie naiona imesimama."

"Imebakiza hatua tisa."

"Tisa! Mbona nyingi hizo. Mie kitanda changu na ukuta wa jirani ni hatua nne na tunapendana."

Nilikwenda kwa Bwana Kibasa na barua, nimeiandika mwenyewe ukurasa mmoja na nusu. Akasoma, akasema, "Malalamiko yako yanahusu mto. Kwenye ramani hakuna mto. Nitaliweka wapi jalada hili?" Nikamwambia mahali pa kuliweka. Nilipewa onyo kwa maandishi.

Nikajaribu bango. Nilitafuta bati, nikaandika kwa rangi nyekundu MARUFUKU KUCHUKUA MCHANGA, nikalisimika kwenye kona. Lilikaa siku mbili. Nilikuja kulikuta kwa Athumani fundi baiskeli, ni mlango wa banda la kuku. Kuku wanaingia na kutoka chini ya MARUFUKU.

"Athumani, hii ni mali ya ofisi."

"Baba Kulwa, tangu niliweke, kicheche hajaingia. Wewe lilikuwa linakusaidia?"

Nikamwachia.

Mwaka ule wa mwanzo wa miaka ya themanini, Jumatatu ya mwezi wa nane, nikapima hatua sita. Mama Mbuke alikuwa mlangoni anapeta choroko.

"Ngapi?" akauliza.

"Mayu, nyingi tu."

"Luhende hakukufundisha uongo. Ngapi?"

"Sita."

Akapeta. "Mvua mbili," akasema. "Labda moja." Nikamwambia ahame kwa mwanawe kijijini. Akaniambia nyumba hii amepima kwa miguu yake, na hahami kwa sababu ya tipa. Kisha akaniambia neno lililobadilisha mambo yote, nami nilikuwa nimelala nalo kitanda kimoja tangu utotoni bila kuliona.

"Ninyi mnaandika. Mabango, barua, ramani. Huku kwetu nani anaogopa maandishi? Malisho ya kijijini yanalindwa na bango gani?"

Hayana bango. Kwetu Usukumani wenyeji wanakaa, wanakubaliana sehemu fulani ya malisho imefungwa mpaka kiangazi kikali, inaitwa ngitili. Haina uzio. Ng'ombe wa mtu akiingia, mwenyewe anaitwa mbele ya wote, anatoa mnyama, anachinjwa, analiwa na wote, na anayeliwa mali yake anakaa hapo hapo anatazama watu wakitafuna. Hakuna jela inayouma hivyo.

"Fungeni korongo liwe ngitili," akasema Mama Mbuke.

Tulikutana Jumapili alasiri, korongoni humo humo, Kambarage nzima. Wasukuma walikubali kabla sijamaliza kusema. Watu wa mjini wakawa wanatazamana. Nasoro akasimama, kanzu safi, anatabasamu.

"Ndugu zangu, mie si Msukuma. Hiyo ngitili inanihusu vipi?"

Mama Mbuke akamjibu akiwa amekaa, "Nyama ikiiva huwa inauliza kabila?"

Watu wakacheka, na Nasoro akacheka kuliko wote. Akasema, "Basi nami nimo. Nitakayemkamata wa kwanza, dume." Tukakubaliana: mchanga hautoki, takataka haziingii, gari halishuki, mpaka mvua zipite. Anayekosa anatoa dume wa ng'ombe. Kila mtu pale alijua tunamsubiri nani. Wengine walikuwa wanalitazama zizi lake na kumeza mate.

Nasoro akasimamisha tipa wiki nzima. Hakufanya hivyo kwa utii. Alikuwa anawinda.

Mkosaji wa tatu ni mke wangu.

Mnakumbuka miaka ile sabuni ilivyokuwa. Ilikuwa ya foleni, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha, rudi na chupa kuna mafuta ya taa, nayo yamekwisha. Wanawake walisugua masufuria kwa majivu na mchanga. Mama Kulwa alipita korongoni akitoka kisimani, akachota kopo moja. Kopo la maziwa ya unga, si kubwa. Nasoro alikuwa amejificha nyuma ya mkwaju, mtu mzima na kanzu yake, na mashahidi wawili.

Jumapili iliyofuata mkutano ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Nasoro akaliinua lile kopo juu kama kikombe cha ubingwa.

"Jamani, huu ni mchanga wa wapi?"

"Wa korongo!" wakajibu.

"Na umetoka jikoni kwa nani?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Astaghfirullah," lakini kwa furaha.

Mama Kulwa akasimama. Hana aibu ya kusimama, ndiyo maana nilimwoa na ndiyo maana najuta. "Nimechota. Nilitaka nisugue masufuria kwa nini, kwa barua za Baba Kulwa? Zenyewe hazisugui hata ofisini."

Watu walilala chini kwa kucheka. Nami nikasimama kujitetea. Nikasema kopo si tipa. Nikasema ni la jikoni. Nikasema maneno mengi, na nilivyokuwa nasema nilikuwa naona nyuso zinavyobadilika, maana wote walikuwa wanafikiri jambo moja: mlinzi akisamehewa kopo, Nasoro atasamehewa debe, na kesho yake tipa.

Mama Mbuke ndiye aliyenikatiza. Nyumba inayolindwa ni yake, uji nimekunywa kwake miaka kumi, akanitazama bila huruma yoyote. "Mlinzi akikosa, amekosa mara mbili. Lakini dume ana roho moja. Leta huyo mmoja."

Nilikuwa na dume mmoja tu duniani, mwekundu, kwa kaka yangu kijijini, nilimnenepesha kwa ajili ya ndoa ya Kulwa. Aliletwa Jumanne. Na kwa kuwa Waislamu wangekula na sisi tungekula, kama desturi yetu ya mjini ilivyo, aliombwa Muislamu achinje. Nasoro akajitolea. Akamchinja dume wangu kwa kisu chake mwenyewe, kwa ustadi, halafu akakaa mkekani akala mbavu upande mzima. Alikuwa ananiangalia anapotafuna. "Baba Kulwa, wallahi, umefuga." Vibarua wake sita walikula. Madereva wake watatu walikula. Athumani alikula akafunga na nyingine kwenye kitambaa. Mimi kimila sikupewa hata mfupa, nilikaa ninanusa.

Walipokwisha kunawa, Mama Mbuke akasimama.

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba, Mayu!"

"Basi mjue. Aliyekula nyama ya faini ya ngitili ameapa kwa tumbo lake. Akivunja, lile tumbo litamdai."

Nawaambia ukweli, vijana: mimi ni Msukuma wa kuzaliwa na neno hilo la tumbo sikuwahi kulisikia. Mpaka leo sijui kama ni mila ya zamani au aliitunga akinawa mikono. Nilimuuliza mara nyingi, akawa ananiongezea uji.

Lakini lilifanya kazi. Jumatano asubuhi Nasoro aliwaambia watu wake washushe tipa. Ameshamshinda mlinzi, mchezo umekwisha. Nilikuwepo. Dereva wake, Maganga, alikaa kwenye usukani bila kuwasha.

"Maganga, washa gari."

"Mzee, mimi nimekula ile nyama."

"Na mie nimekula! Mie nimechinja!"

"Ndiyo maana nakuhurumia, mzee."

Nasoro akawageukia vibarua. Mmoja alikuwa anashika tumbo lake kama mjamzito. Akatafuta vibarua wengine. Kambarage nzima haikuwa na sepetu lisilokula nyama ile. Siku ya tatu yeye mwenyewe akapata tumbo la kuendesha, ingawa mimi nadhani ni zile mbavu. Kuanzia hapo tipa ilikwenda kutafuta mchanga mbali, na Nasoro akawa mkali kuliko mimi. Mtu akionekana korongoni na kopo, ni yeye anayepiga kelele.

Ikabaki barabara ya Bwana Kibasa. Mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kukusanyika upande wa juu, akaleta greda kujaza korongo kifusi ili barabara yake ipitike. Lingejazwa, maji yangekosa njia, na njia ya karibu ilikuwa mlango wa Mama Mbuke. Dereva wa greda alikuwa Mnyamwezi kutoka Tabora, mtani wetu, hajala nyama ya faini. Mama Mbuke alikuwa amekausha juani paja moja la yule dume wangu. Akampikia mchuzi na ugali wa mtama, akampelekea mwenyewe, amepiga magoti kwa heshima. Mtani akala, akalamba vidole, akasema Wasukuma mmeanza kustaarabika. Ndipo wakamweleza alichokula.

Akatutazama mmoja mmoja. "Watani hamna haya! Mnanilisha kiapo na ugali?" Lakini greda alilizima, akalala chini yake, akasema limeharibika. Alilala siku mbili.

Siku ya pili, mchana, Bwana Kibasa akaja mwenyewe na Land Rover ya ofisi. Mama Mbuke akamkaribisha chakula. Akakataa, ana vidonda vya tumbo, nyama hali. Tukajua hapo mila imefika mwisho wake. Akasema kwa sauti ili wote tusikie, "Nitawaonyesha kama hii ni barabara au si barabara." Akaingia korongoni na gari.

Alikwenda vizuri, nasema haki, kama hatua mia mbili. Kwenye kona, mbele ya nyumba ya Mama Mbuke, mchanga ulikuwa laini. Magurudumu yakazama, akakanyaga mafuta, yakazama zaidi. Kambarage jua linawaka. Upande wa juu kulikuwa kweusi kama kitako cha sufuria ambacho hakijasuguliwa. Mama Mbuke alikuwa mlangoni pake, hatua sita, anamtazama.

"Mwadila, baba," akamsalimia.

Akakanyaga tena mafuta. Ndipo nikaona mbuzi. Walikuwa kama ishirini wamelala mchangani. Wakainuka wote kwa pamoja, bila neno, wakapanda ukingo wa ng'ambo.

Niliruka humo sijui vipi. Mimi niliyeapa sitashuka tena. Nilimkuta Bwana Kibasa anakusanya ramani zake kwenye kiti. Nikamvuta shati, shati likachanika. "Unanigusa? Nitakuandikia!" Sauti ilikuwa imeanza, ile ya kama lori la mawe linashushwa mbali. Nasoro alikuwa juu ukingoni na kamba ya kufungia mizigo, akaturushia.

"Bwana Mipango," akapiga kelele, "pisha barabarani, kuna gari linakuja!"

Tulivutwa juu na watu kumi. Maji yalikuja yanasukuma povu, matawi na ndama mmoja aliyekufa, yakainyanyua Land Rover taratibu, yakaigeuza uso, ikaondoka kinyumenyume. Bwana Kibasa alisimama na ramani moja mkononi, nusu ya shati. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mto.

Hakuna aliyemwangalia sana. Wote tulikuwa tunaangalia ukingo wa Mama Mbuke. Kipande kikaanguka, hatua ya kwanza. Mama Mbuke akaingia ndani, akafunga mlango. Tukamwita, akajibu kwa ndani kuwa yuko kwake. Kikaanguka cha pili, kichaka na mizizi yake. Nasoro alikuwa anasoma dua kwa sauti. Mtani wa Tabora alikuwa ameshika kichwa. Cha tatu kikaanguka polepole, kama mtu anayejifikiria. Halafu maji, kwa kuwa chini hakukuwa na kifusi, yakapata nafasi yao, yakageukia kona yao kama siku zote, yakaenda. Kabla ya jua kuzama nilipima. Hatua tatu. Mlango ukafunguliwa, akauliza kama kuna aliyekula.

Taarifa ya Bwana Kibasa mtaikuta masjala. Inasema gari limepata ajali barabarani kutokana na unyevunyevu. Aliitwa semina, akahamishiwa huko huko. Greda lilipona ghafla, likarudi lilikotoka. Ramani hakuna aliyeifuta, na ninyi vijana mkiletewa agizo la kujaza hiyo barabara, msiandike barua. Fugeni dume.

Mchanga wenyewe ukarudi, kila mvua ikileta wake, vichaka tukavipanda upya pale kwenye hatua tatu, zikabaki tatu. Mama Mbuke alifariki miaka michache baadaye, mwezi wa masika, mvua inanyesha, korongo limejaa ukingo hadi ukingo. Alikuwa kitandani kwake, ndani ya nyumba aliyoipima, mkavu kabisa.

Mvua zilipokwisha, tulihitaji mchanga wa kujengea kaburi. Korongo lilikuwa limekauka, mchanga mweupe umejaa, hatua tatu kutoka mlangoni kwake, na msimu wa kufungwa ulikuwa umekwisha, mtu angechota tu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta sepetu nilipoona lori la Nasoro linaingia, limetoka Isaka, limeinamia nyuma kwa uzito. Aliteremka mwenyewe, mzee sasa, akafungua turubai. Mchanga.

"Mzee Nasoro, umeutoa Isaka kote huko?"

"Chukua sepetu, Baba Kulwa," akasema. "Mama wa watu anasubiri."